Upande wa Nyar Uyoma

Juzi kijana wa timu moja ya chuo alinitembelea nyumbani Mamboleo, akatoa simu, akanionyesha jinsi Wamarekani wanavyochagua wachezaji. Mnaujua ule mchezo wao wa kofia ngumu na mabega ya kuongezewa, wanaouita futiboli ingawa mguu haugusi mpira ila kwa nadra. Wana mtu mmoja katikati anayeitwa kwota-beki, na yeye ndiye anayeamua mpira uende kwa nani. Basi kila mwaka vijana wa vyuo wanaotaka kazi hiyo hupangwa mbele ya timu za kulipwa kama ng'ombe wa mnada. Wanapimwa urefu, wanapimwa mbio, wanaulizwa maswali ya kuwachanganya akili, na mwishowe wanatandaza kiganja mezani kipimwe kutoka kidole gumba hadi kidole kidogo. Niliirudisha video nyuma nikidhani nimeona vibaya.

"Na wewe, Mwalimu," kijana akaniuliza, "ulikuwa unapima nini?"

Nilicheka mpaka goti likauma. Lakini swali lilikuwa la haki, na jibu lake ni refu, kwa hiyo nawaandikia nyinyi wote mnaofundisha raga vyuoni na mitaani, na nyinyi mnaoota kuvaa jezi namba kumi. Namba kumi ndiye kwota-beki wetu. Mpira ukitoka kwa wale wanene wanaosukumana, namba tisa anaunyakua na kumpa yeye, na kabla hujapepesa macho lazima awe ameshaamua: aupige teke mbali, ampe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Akikosea yeye, wote kumi na watano wamekosea.

Naitwa Kamau. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakafungua duka la sufuria hapa Kisumu, na mimi nikazaliwa hapa, nikacheza hapa, nikazeekea hapa. Klabu yetu ilinilipa miaka mingi kwa kazi moja tu: kuzunguka vyuo kutafuta namba kumi, kisha kumlea akishapatikana. Nimesema kumlea. Kumpata ni kazi ya alasiri moja, hata mpita njia anaweza kubahatisha.

Aliyenifundisha ni Mzee Ogutu, Mungu amlaze pema. Siku ya majaribio hakusimama nasi kando ya kiwanja. Aliketi ndani ya pikapu yake, madirisha wazi, gazeti usoni. Mimi na wenzangu tulikuwa tunakimbia huku na huku na saa za kupimia mbio shingoni, tukaona mzee amechoka na kazi. Nikaenda kumuuliza mbona hatazami.

"Kamau," akasema bila kushusha gazeti, "miguu yao nitaona kesho. Leo nasikiza tu nani anaongea."

Na kweli, ukisikiliza, utamtambua. Namba kumi ni kijana mdogo anayelazimika kuwaamuru watu wakubwa kuliko yeye, wazito kuliko yeye, wenye hasira kuliko yeye, na wamtii. Si kelele tu. Wapo wanaopiga kelele kama makanga wa matatu na hakuna anayesogea. Yule unayemtaka akisema "Kulia!", hata refa anatamani kwenda kulia.

Baada ya majaribio Ogutu aliwachukua waliobaki akawapeleka Dunga, ufuoni, kula samaki. Sinia moja kubwa, ugali wa kutosha, vijana wenye njaa ya kutisha. Sisi tulidhani ni ukarimu. Mzee alikuwa kazini. Alikuwa akimtafuta yule atakayeona kwamba jamaa wa mwisho mezani hajafikiwa na ugali, akausukuma huko bila kutangaza. Siku moja kijana mmoja mjanja alipata habari za mtihani huo, akagawa samaki meza nzima kama mhudumu wa hoteli, mpaka dereva akapewa. Ogutu hakumchukua. "Huyu anagawa huku akiniangalia mimi," aliniambia. Nimeshaona makocha wakubwa wakidanganywa na vijana wa namna hiyo, nami nimedanganywa, ila sitawataja maana wengine sasa ni wachungaji.

Na jambo jingine kabla sijasahau: ukienda kumtazama mchezaji wa chuo, usiondoke akifanya vizuri. Subiri akosee. Baada ya kosa, tazama ni muda gani unapita kabla hajaomba mpira tena. Yupo anayejificha nyuma ya wenzake, na yupo anayeuomba papo hapo kwa hasira ili ajikomboe, na huyo wa pili ni hatari kuliko wa kwanza. Unayemtafuta anafuta mikono kwenye kaptura na kuendelea na kazi. Huyo mfuate mpaka kwao, ukajue alilelewaje.

Hivyo ndivyo nilivyofika Ahero kwa Odoyo.

Nashon Odoyo nilimsikia kabla ya kumwona, kama Mzee Ogutu alivyonifundisha. Nilikuwa nanunua maji nje ya ukuta wa chuo chao, nikasikia sauti ndani, kali na nyembamba, ikiwapanga watu. Niliingia nikamkuta kijana mwembamba, masikio makubwa, miguu ya kawaida tu. Alipopewa mpira hakuangalia walipo wenzake. Aliangalia pale watakapokuwa. Kwenye mechi ile alitupa pasi moja mahali pasipokuwa na mtu, watu wakaguna, kisha winga wake akatokea akaudaka mpira kama aliyewekewa mezani.

Nilipomuuliza alijifunza wapi, alishangaa kuulizwa. Alilelewa na nyanya yake Ahero, kando ya mashamba ya mpunga, na kazi yake tangu utotoni ilikuwa kufukuza ndege. Mpunga ukikaribia kukomaa ndege huja kama wingu, na mtoto husimama kwenye tuta na madonge ya udongo na koo lake. "Mwalimu, ukirushia ndege pale iko, umechelewa," aliniambia. "Unarusha pale inataka kukaa." Nyumbani kwao nyanya alinipa uji, akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza swali moja tu: je, huko mjini nitamfanya mjukuu wake asahau heshima? Nikamwahidi kwamba sitamfanya. Laiti ningejua uzito wa ahadi ile ningeunywa uji ule polepole zaidi.

Klabu ikamchukua. Makubaliano yalikuwa hivi: atatuchezea, nasi tutamlipia mwaka wa mwisho chuoni na kumpa chumba. Nyanya hakuwa na njia nyingine ya kumsomesha, na hilo nawaomba mlikumbuke, maana ndilo lililonikosesha usingizi baadaye.

Mwanzoni alicheza kwa raha. Jumamosi mashabiki walianza kuja mapema kumwona tu. Sikumfundisha mengi. Namba kumi wa miaka ishirini huwezi kumpa masomo kumi. Nilimpa moja kwa wiki, nikamkataza kutazama video za mechi zake usiku kabla ya kulala, nikamkalisha kwenye basi karibu na nahodha wetu mzee ili ajifunze kunyamaza. Nilimpenda. Naliandika hivyo kwa sababu makocha wengi wanapenda na hawasemi, wakidhani ni udhaifu wa kazi.

Kisha, katikati ya msimu, akaharibika.

Si kwamba alicheza vibaya kila mahali. Ilikuwa kama mtu aliyesahau kwamba kiwanja kina pande mbili. Nafasi inafunguka kushoto, winga wetu amesimama peke yake akipunga mikono, na Odoyo anageuka kulia kwenye msitu wa watu anakanyagwa. Mashabiki wakaanza kunung'unika. Kocha mkuu, kijana wa Nairobi aliyesomea kazi hii na kuijua, akasema ni mguu wa kushoto, hauamini. Nikakubaliana naye. Kwa majuma kadhaa nilimpigisha mipira kwa mguu wa kushoto mpaka jua linazama na siafu wanaingia kwenye viatu vyetu. Mguu ukawa mzuri ajabu. Jumamosi ilipofika, akageuka kulia tena.

Tulikuwa tumepata vile vifaa vipya vinavyoingia kwenye fulana, mgongoni, kuandika mchezaji amepita wapi. Wazee wenzangu waliviita hirizi. Aliyevisimamia alikuwa binti anayeitwa Achieng', mpole, mwenye kompyuta iliyojaa vibandiko. Siku moja aliniita pembeni.

"Mwalimu, kuja uone hii. Tumekuwa tunachanganya mechi yote pamoja. Mimi nimetenganisha." Akanionyesha picha mbili za kiwanja zenye madoa mekundu. "Fasti hafu, hakanyagi kushoto. Sekondi hafu timu zimebadilisha pande, si ndio? Sasa hakanyagi kulia."

Niligeuza kichwa huku na huku nikiyafananisha madoa.

"Si mguu," akasema Achieng'. "Ni hio laini moja ya kiwanja. Na mechi za ugenini anacheza pande zote."

Basi majuma yote yale tulikuwa tumetibu mguu mzima. Vijana, msidharau hirizi.

Alasiri ileile nilikwenda kusimama kwenye upande huo. Nilitafuta shimo, nikatafuta nyuki, nikatazama jua linampiga mtu usoni kutoka wapi. Hakuna kitu. Palikuwa na kamba, miti miwili, na kibanda cha Nyar Uyoma, mama aliyekaanga samaki pale tangu sijaanza kuota mvi. Binti wa Uyoma, ndiyo maana ya jina hilo. Wanawake wengi hapa huitwa kwa walikozaliwa, na wateja wake wote tulimjua hivyo tu, hatukujua jina la mtoto wake hata mmoja. Kwenye mechi alikaa kwenye kibao nyuma ya karai lake la mafuta, uso kiwanjani, na alipenda raga kuliko baadhi ya wachezaji wetu. Nilinunua ngege, yaani sato wa ziwani, nikala nikitafakari, nikaondoka bila jibu.

Nilimwita Odoyo. Nikamweleza tulichokiona, nikamwambia pia ukweli mwingine, kwamba kocha mkuu amempa mechi moja tu. Jumamosi, hapa nyumbani. Asipobadilika, nafasi yake itapewa namba kumi mwingine kutoka Nairobi, na chumba, na karo.

Aliinamisha kichwa, akachimba nyasi kwa kiatu.

"Mwalimu, pale siwezi."

"Pale kuna nini?"

"Kuna maro."

Wasio wa kwetu niwaeleze. Maro ni mama mkwe, mama wa mke wako. Mluo aliyelelewa vizuri hamzoei maro. Hali chakula mbele yake, hapazi sauti mbele yake, hawezi kusimama mbele yake nusu uchi. Akikutana naye njiani anampisha. Mimi Mkikuyu wa Kisumu nayajua hayo tangu shule ya msingi, lakini sikuyatarajia kwenye kiwanja cha raga.

"Nyar Uyoma?"

"Ni mamake Quinter."

Quinter alikuwa msichana aliyesomea uuguzi chuoni kwao, na walikuwa wamekubaliana kuoana, wajomba walikuwa wanatafuta siku ya kwenda kujitambulisha. Siku moja Quinter alikuja kumwona akicheza, na Odoyo alipotazama kando wakati wa mapumziko akamwona amejifunga leso anageuza samaki na kumwita yule mama "Mama".

"Na mimi nimekula kwake tangu nije huku!" alisema, na macho yakamtoka kama anayesimulia mazishi. "Nikilamba vidole, Mwalimu. Mbele yake. Kuna siku nilimwambia aniongeze chumvi!"

Nilijikaza nisicheke, nikashindwa. Akacheka na yeye, kisha akainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Tulijaribu kutafuta njia. Nikapendekeza avae suruali ndefu za kubana chini ya kaptura, zinaruhusiwa. Alikubali akazijaribu mazoezini, wenzake wakamwita mwalimu wa densi, lakini akasema mapaja ni sehemu ndogo ya tatizo. Kuna kupiga kelele. Kuna kuwafokea mafowadi, wale wanene wa mbele, kwa maneno ambayo nyanya yake hajui kwamba anayajua. "Na nikiangushwa? Nikianguka hapo kwa miguu yake?"

"Basi nimwombe mama ahamishe kibanda, upande ule mwingine, siku moja tu."

Akakataa kabisa. "Nimtoe maro kazini kwake juu ya mimi? Alafu niende kwake kuomba msichana na uso gani? Wacha tu, Mwalimu. Wanitoe."

Alimaanisha. Nilirudi nyumbani na moyo mzito. Miaka yote ile nilikuwa nimewaona vijana wakipoteza nafasi zao kwa pombe, kwa majivuno, kwa goti. Huyu alikuwa anaipoteza kwa kuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo niliyomwahidi bibi kizee wa Ahero kwamba sitaigusa.

Siku iliyofuata nilikwenda kula samaki. Sikukusudia kusema lolote, na naapa sikusema. Nililalamikia bei ya makaa, nikamsifu ngege. Nyar Uyoma alikuwa mwanamke mpana, mjane, mwenye sauti ya kanisani. Aligeuza samaki mmoja, akamgeuza wa pili, kisha akasema:

"Kamau, wewe unadhani mimi ni kipofu?"

"Kwa nini, mama?"

"Huyo kijana yenu ananikimbia. Kila Jumamosi. Kwanza nilifurahi, nikasema huyu amelelewa, mtoto wangu amepata mtu. Sasa nasikia hawa watu wakikula hapa wanasema atafukuzwa."

Nilitoa miiba mdomoni kwa utaratibu mkubwa.

"Ni kweli?"

"Jumamosi ndiyo mwisho, mama."

Alichota mafuta akamwagia samaki juu, mara kadhaa, samaki ambaye alikuwa ameshaiva.

"Unajua mimi nimeanza kuangalia hii mpira yenu nikiwa na mimba ya huyo Quinter," akasema. "Mume wangu ndiye alinifundisha. Alipokufa watu walisema niuze samaki sokoni, kuna wateja wengi. Nikakataa. Nilitaka kuwa mahali kuna mpira." Akafunika karai. "Kula, uende. Samaki imepoa."

Jumamosi nilifika mapema. Nyar Uyoma alikuwa ameshawasha moto. Nilimwona kutoka mbali na kwanza sikuelewa kilichobadilika. Kisha nikaelewa. Alikuwa amehamisha jiko upande wa pili wa kibao, na kibao amekigeuza, na yeye amekaa juu yake akiangalia ukuta wa barabarani. Mgongo wake wote aliupa kiwanja. Amejifunga leso mpya, kichwani kitambaa cha kanisa.

Nilikwenda nikasimama karibu yake.

"Usisimame hapo kama mti," akaniambia. "Kaa. Mimi nitajuaje mpira inaendaje?"

Kazi yangu siku za mechi ilikuwa kusimama na kocha mkuu. Nilimtumia Achieng' ujumbe kwamba sitakuja, nikaketi kwenye kibao, yeye akielekea ukuta na mimi nikielekea kiwanja, mabega yetu yakikaribiana, nikaanza kumwambia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kueleza mchezo huu kwa mtu asiyeuona. Ukimwambia mtu "amecheza vizuri", umemwambia upepo. Ilinibidi niseme amefanya nini, aliona nini, alikuwa na nini kingine cha kuchagua. Tangu siku hiyo nimewafundisha makocha wadogo hivyohivyo: kaa na mtu ageuze mgongo, umsimulie namba kumi wako. Ukishindwa kusimulia, hujamwona.

Mwanzo ulikuwa uleule. Odoyo alicheza upande wa mbali, mara tatu, mara nne, na kocha mkuu ng'ambo ya pili nikamwona akishika kiuno. Kisha mpira ukapigwa nje, ukabiringika mpaka karibu na jiko letu, na Odoyo ndiye aliyekuwa karibu. Alikuja akiinama, macho chini, kama mtu anayepita mbele ya altare. Aliokota mpira. Akainua macho kidogo, akaona mgongo.

Alisimama pale ameukumbatia ule mpira mpaka refa akapuliza kipenga.

"Ni nini?" Nyar Uyoma akauliza.

"Amekuona."

Aligeuza samaki.

Vijana, kilichofuata sitaweza kukiandika jinsi kilivyokuwa. Kiwanja kilirudi kuwa kizima. Sauti ile ya Ahero ikafunguka, "Kushoto! Kushoto! Hapo nyuma!", na winga wetu aliyekuwa amesahaulika akafunga trai ya pointi tano mbele ya macho yangu, na mimi nikisimulia mpaka mate yakanikauka. Nyar Uyoma alikuwa akipiga paja kwa kiganja. Wateja walikuja, wakapewa samaki, wakashangaa mbona mama amekaa kinyume, hakuna aliyejibiwa.

Kipindi cha pili kikawa kigumu, wageni walikuwa wazito, wakatupita kwa pointi mbili. Karibu na mwisho Odoyo alichukua mpira akaja mbio upande wetu, akakwepa mmoja, wa pili akamdaka kiunoni, wakaanguka wote wawili wakiteleza mpaka kwenye kamba. Jiko likatikisika. Nyar Uyoma akalishika karai kwa leso, hakugeuka. Odoyo alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya visigino vya mama, kaptura imejaa matope, akihema. Nikaona uso wake ukijaa aibu.

Mama akasema, akiutazama ukuta, "Kamau. Ambia huyo mtu hapa si mahali ya kulala. Asimame acheze."

"Umesikia," nikamwambia Odoyo.

"Nimesikia," akasema, akasimama.

Refa alikuwa ameipa timu yetu penalti, kwa sababu yule jamaa alimshikilia Odoyo chini baada ya kuanguka. Penalti ikiingia kati ya nguzo ni pointi tatu. Lakini ilikuwa pale, ubavuni kabisa mwa kiwanja, pembe mbaya ambayo hata siku ya mazoezi unaomba Mungu. Odoyo akaweka mpira, hatua chache tu kutoka kwenye kibao chetu. Akarudi nyuma. Kwetu mtu akipiga penalti uwanja hunyamaza, wenyeji na wageni.

"Mbona wamenyamaza?" akanong'ona Nyar Uyoma.

"Anapiga. Yuko nyuma yako hapa."

Kitu pekee kilichosikika uwanja mzima kilikuwa mafuta yake, yakichemka na kupasuka. Nyar Uyoma akaligundua hilo. Akazungusha leso kwenye mikono, akalinyanyua karai zima kutoka motoni, mafuta na samaki, akaliweka mapajani juu ya ubao wa kukatia. Mafuta yakanyamaza. Nilimwona amefumba macho, mwanamke aliyeupa mgongo uwanja na bado akafumba macho.

Nikasikia hatua za Odoyo, nikasikia kiatu kikigonga mpira.

"Imeingia?" akauliza.

Mimi niliyelipwa miaka yote hiyo kutazama, teke lile sikulitazama. Nilikuwa namtazama yeye. Ilibidi tusubiri uwanja utuambie, na uwanja ukatuambia kwa kelele iliyowarusha ndege kutoka kwenye miti yote miwili. Nikamsaidia kurudisha karai motoni. Alikuwa analia na ananikemea nisimwage mafuta.

Odoyo alimaliza chuo. Kocha mkuu hakuuliza chochote kwa muda mrefu, kisha siku moja aliniuliza, nikamweleza, akaenda kununua samaki. Wajomba walikwenda wakapokewa. Odoyo alituchezea miaka mingi, na katika miaka hiyo yote, kila mechi ya nyumbani, Nyar Uyoma alikaa akielekea ukuta, nami au mtu mwingine tukimsimulia. Mwanamke aliyeupenda mchezo huu kuliko sisi sote hakumwona tena mkwe wake akicheza hata dakika moja.

Sasa Odoyo ndiye anayefanya kazi niliyokuwa nikifanya. Quinter ni muuguzi hapa mjini. Wana binti, Adhiambo, na klabu ina raga ya watoto Jumamosi asubuhi. Mwezi uliopita nilikwenda na fimbo yangu. Nyar Uyoma ameacha biashara, miguu imevimba, lakini alikuwa pale. Kati ya nyanya na mjukuu hakuna mwiko wowote, ni utani na kupendana tu. Alikuwa amekigeuza kibao chake cha zamani. Uso wote kiwanjani.

Niliketi karibu yake nikafungua mdomo nianze kusimulia, kwa mazoea. Akanipiga mkononi ninyamaze.

Adhiambo alipata mpira. Masikio makubwa, miguu ya kawaida. Akapiga ukelele ambao nina hakika ulifika Ahero, akautupa mpira mahali pasipokuwa na mtu, na mtoto mwenzake akatokea akaudaka. Nyar Uyoma alitazama mpaka mwisho, hakupepesa. Kisha akanigeukia, machozi yakimtoka waziwazi.

"Kamau," akasema, "na babake, hiyo miaka yote, alikuwa anacheza hivi?"

"Hivihivi, mama," nikamwambia. "Hivihivi kabisa."